Figo ya Mdogo Wetu

Kadi za mchango mjini Babati zilikuwa zamani aghalabu za harusi na za kipaimara, na mara chache za kuezeka msikiti au kanisa. Lakini katika miaka ya karibuni umezuka mchango wa namna nyingine, usio na kadi ya maua wala tarehe ya sherehe, ambao hupitishwa katika makundi ya simu ukiwa na picha ya mgonjwa aliyevimba uso, namba ya kutumia fedha, na maelezo mafupi kwamba ndugu yetu figo zake zote mbili zimeshindwa kazi, husafishwa damu mara tatu kwa juma, na madaktari wamemshauri apandikizwe figo nyingine. Watu wa Babati, Wagorowa na Wairaqw, Warangi na Wambugwe, Wabarbaig na wahamiaji wa kila pembe, si mabahili katika mambo ya msiba na maradhi, na fedha huingia, elfu tano hapa na elfu kumi kule, hata ikapatikana nauli na posho ya kwenda Dodoma kwa barabara ile ya lami ya kilomita 251 ipitayo Bonga na Kondoa. Figo yenyewe, hata hivyo, haichangwi kwa simu.

Yafaa ikumbukwe kwamba kupandikiza figo ni jambo geni katika nchi yetu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza mwezi wa Novemba 2017, ikisaidiwa na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwezi wa Machi 2018 kwa msaada wa Wajapani. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa ng'ambo pamoja na ndugu wa kumtolea, kwa gharama ambayo mkulima wa mpunga wa Magugu asingethubutu kuiota, sembuse kuilipa. Faraja hiyo ya kuletewa tiba karibu na nyumbani ni kubwa, wala sipendi mtu anifahamu kwamba naidharau. Lakini pamoja na faraja ikaja haja mpya, maana figo ipandikizwayo kwetu hutoka kwa mtu aliye hai, na aghalabu mtu huyo ni ndugu wa damu, na ndugu huyo sharti atafutwe.

Nimepata kuhudhuria, kwa ujirani tu, kikao cha ukoo mmoja kilichoitishwa kwa ajili hiyo katika nyumba iliyo chini ya Mlima Kwaraa, na sitataja jina la mtu. Viti vya plastiki viliazimwa kanisani, chai ya maziwa ilikuwa katika sufuria kubwa, na baba mkubwa, mwenye miwani iliyofungwa uzi, alishika daftari la shule akiandika majina ya watoto wa nyumba ile mmoja baada ya mwingine, akiyapiga mstari kadiri udhuru ulivyotolewa. Wa kwanza ana kisukari, akapigwa mstari. Wa pili ananyonyesha, akapigwa mstari. Wa tatu ni dereva wa lori mwenye watoto watano, na kila mtu akakubali kwamba akilala hospitalini wale watoto watalala njaa. Wa nne yuko masomoni. Akabaki kitindamimba, kijana aliyekuwa akiendesha bodaboda ya mtu mwingine, asiye na mke wala kiwanja. "Mdogo wetu," akasema dada yake mkubwa kwa sauti ya upole kabisa, "wewe huna mtu anayekutegemea, na mwili wako mzima. Pengine Mungu alikuweka kwa ajili ya kaka yako." Kijana akajibu, "Sawa, dada," akiendelea kuuzungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni, na baba mkubwa akaandika. Katika muda wote wa kikao hakuna aliyemwuliza kama anataka.

Ndipo shemeji mmoja, mwalimu wa sekondari, akitaka nadhani kuwaondolea watu uzito, akasema kwamba Wazungu wamekwisha kumtengeneza kondoo kwa kipande cha kondoo mwingine, na kwamba haitakuwa ajabu siku moja kaka mtu atwaliwe kipande cha ngozi, atengenezewe mwenziwe aliye sawa naye kwa kila kitu, na huyo ndiye atolewe figo, ili watu wa nyumbani wasisumbuliwe. Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akauliza, "Na huyo atakayetengenezwa, mwalimu, naye si atakuwa mdogo wetu?"

Kondoo aliyekusudiwa na mwalimu ni Dolly, aliyezaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh, kwa kazi ya Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao, na habari zake zikaenea ulimwenguni mwezi wa Februari 1997. Walitwaa yai la kondoo jike, wakaliondolea kiini chake, wakaliunganisha kwa mshtuko wa umeme na seli iliyotoka katika kiwele cha kondoo mwingine mwenye umri wa miaka sita, na kiinitete kilichopatikana wakakitia katika tumbo la kondoo wa tatu. Akazaliwa mwana asiye na baba, aliye kloni ya yule mwenye kiwele. Mayai yaliyoshughulikiwa yalikuwa 277, viinitete vilivyofaa vikawa 29, na kondoo aliyezaliwa hai akawa mmoja. Mfugaji yeyote ajuaye kuhesabu zizi lake anaelewa maana ya hesabu hiyo, na akiigeuza kutoka kwa kondoo kwenda kwa wanawake, akafikiri mimba ngapi zitaharibika na watoto wangapi watazaliwa na ila ili apatikane mmoja mzima, hatahitaji mwanafalsafa wa kumwambia kwamba kazi hiyo haijuzu.

Chanzo cha tamaa ya kloni katika mambo ya viungo ni cha haki, nacho ni mapacha. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofaulu duniani ulifanywa mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954 na Joseph Murray na wenzake, ambao walimtoa Ronald Herrick figo moja wakampa pacha wake Richard. Na kwa kuwa ndugu hao walikuwa pacha wa kufanana, mwili wa Richard haukuitambua figo ile kuwa ngeni, haukuipiga vita, naye akaishi miaka 8 zaidi. Tangu siku hiyo madaktari wamekuwa wakipambana na tabia ya mwili ya kukataa kiungo cha mtu mwingine, wakimpa mgonjwa dawa za kudhoofisha kinga yake maisha yote, na yeyote aonaye mgonjwa akihesabu vidonge hivyo asubuhi na jioni hawezi kumlaumu kwa kutamani angekuwa na pacha. Kloni basi ni ahadi ya pacha kwa kila mtu. Lakini neno pacha lina hukumu yake ndani, kwa maana hakuna mtu mwenye akili timamu aliyepata kusema kwamba Ronald alikuwa ghala la Richard, au kwamba kwa kuwa wamefanana mmoja wao hakuwa mtu kamili; Ronald aliulizwa, akasita, akaridhia mwenyewe. Pacha azaliwaye miaka 40 baada ya mwenziwe, kwa kazi ya maabara badala ya kazi ya usiku, hawi mtu pungufu kwa sababu hiyo. Figo zake ni zake.

Tena kuna jambo ambalo wapenda hadithi za kloni hulipita haraka, nalo ni wakati. Mgonjwa anayesafishwa damu saa nne kila kikao hawezi kungoja: kloni yake sharti ichukuliwe mimba miezi 9, izaliwe mtoto mchanga mwenye figo ndogo, inyonyeshwe, ichanjwe, ifundishwe kutembea, iende shule, hata ifikie umri ambao figo yake yamfaa mtu mzima. Kwa hiyo mwenye kutaka kloni ya kumtolea viungo sharti aiandae mapema, angali mzima, awe tajiri wa kuilisha miaka mingi, na awe na moyo wa kumtazama mtoto akikua huku akijua siku atakayomchinja. Hapa hakuna tena fumbo la kielimu. Ni mauaji yaliyopangwa kwa subira.

Ulimwengu, kwa bahati njema, haukuhitaji kujadiliana sana juu ya hili. Kanisa Katoliki lilikwisha kulikataza katika waraka wake wa mwaka 1987, kabla Dolly hajazaliwa. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah katikati ya mwaka 1997 likaharimisha kloni ya binadamu. UNESCO ikalipinga mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Na Umoja wa Mataifa, tarehe 8 Machi 2005, ukapitisha azimio lake kwa kura 84 dhidi ya 34, nchi 37 zikijizuia. Mgawanyiko huo wa kura haukuletwa na mtu wa kloni, ambaye karibu wote walimkataa, bali na kiinitete cha siku chache ambacho baadhi ya wanasayansi walitaka kukiunda na kukivunja ili wapate seli shina za tiba. Katika mzozo huo Wakatoliki wanashika kwamba heshima ya mtu huanza tangu kutungwa mimba, na wapo wanazuoni wa Kiislamu wanaoitazama siku ya 120, ambapo roho hupulizwa. Mimi binafsi naona wote wawili wana insafu zaidi kuliko yule asemaye kwamba hakuna swali lolote hapo.

Lakini katika mzozo wa kiinitete watu walisahau yai, na yai hutoka kwa mwanamke. Profesa Hwang Woo-suk wa Seoul, aliyedai katika miaka ya 2004 na 2005 kwamba ameunda viinitete vya kloni vya binadamu na kupata seli shina kutoka humo, hatimaye alibainika kuwa amebuni matokeo; ila kabla uongo wake haujafichuka, ilifichuka kwanza kwamba baadhi ya mayai yake yalilipiwa, na mengine yalitolewa na wanawake vijana waliokuwa watafiti chini yake. Wao nao, yamkini, walisema, "Sawa, Profesa." Nayataja haya kwa kuwa yanadhihirisha jambo ambalo sheria za kloni hazikuliona vema: hatari haikai katika chupa ya maabara peke yake, inakaa katika daraja lililo kati ya mwenye kuomba na mwenye kuombwa.

Lipo wazo jingine, la siri zaidi, na kwa maoni yangu ndilo litakalowasumbua wajukuu wetu. Mwaka 1997 Jonathan Slack wa Chuo Kikuu cha Bath alitangaza kwamba amepata viluwiluwi visivyo na kichwa kutokana na mayai ya chura yule wa Afrika ambaye maabara nyingi humtumia, na papo hapo wakatokea watu wakasema: je, mwili wa binadamu usio na ubongo, usiohisi wala kufikiri, ukikuzwa kwa ajili ya viungo, utakuwa umemdhulumu nani? Mwezi wa Machi 2025 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford walilirudia pendekezo hilo kwa sura mpya, kwamba miili ya namna hiyo ikuzwe kutokana na seli shina, nje ya tumbo la mama. Hoja yao si ya kipuuzi, na anayeijibu kwa kutema mate hajaijibu. Wanasema watu wanakufa wakingoja viungo. Wanasema wanyama wanateseka katika majaribio. Wanasema pasipo nafsi hapana dhuluma. Nami nikiipima sioni kwamba wamekosea katika kila neno. Kinachonizuia ni kwamba sisi tusiojua kwa hakika nafsi inaanzia wapi tutapewa kazi ya kuhakikisha kwamba haimo, na kuhakikisha huko kutafanywa na mtu mwenye faida katika jibu. Watu wa Babati humwosha maiti, humvika, humlaza kwa adabu, ilhali wote wajua kwamba mwenyewe amekwisha kuondoka; heshima hiyo haimfai yeye, inatufaa sisi, na jamii itakayozoea kuning'iniza miili ya watu kama nyama buchani, hata ikiwa ni miili isiyo na wenyewe, sina yakini itabaki na mkono mwepesi kwa miili yenye wenyewe.

Ajabu ni kwamba elimu yenyewe imekwisha kupita njia nyingine. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha mwaka 2006 kwamba seli ya ngozi ya panya yaweza kurudishwa katika hali ya seli shina pasipo yai wala kiinitete, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu; mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon, ambaye ndiye aliyefanya kloni za chura miaka mingi kabla ya Dolly. Na kampuni iliyoshirikiana na Roslin katika kazi ya Dolly ndiyo iliyozaa kampuni ya Marekani, Revivicor, ambayo nguruwe wake wa kloni, waliobadilishwa jeni, walitoa moyo uliopandikizwa kwa David Bennett huko Maryland mwezi wa Januari 2022, akaishi nao miezi 2. Mwezi wa Machi 2024 Richard Slayman alipandikizwa figo ya nguruwe mjini Boston, naye pia akafariki baada ya miezi kama 2, ingawa hospitali ilisema hapakuwa na dalili kwamba figo ile ndiyo iliyomwua. Kloni basi imekuja kweli katika viungo, ila imekuja kwa miguu minne. Mjini Babati, ambako kitimoto hukaangwa kila jioni na jirani wa mwenye kikaango ni Mwislamu asiyeweza kuvumilia hata harufu yake, habari hii hupokelewa kwa kicheko upande mmoja na kwa istighfari upande wa pili. Lakini wapo wanazuoni waliokwisha kusema kwamba dharura ya kuokoa uhai yaruhusu kilichokatazwa, na sidhani kwamba mgonjwa wa Kirangi aliye Mwislamu atakosa wa kumfariji kwa fatwa.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba dhambi ya kumfanya mtu ghala la mtu mwingine inangoja maabara. Sisi Watanzania tuliiona, pasipo darubini wala mshtuko wa umeme, katika miaka ile ambapo ndugu zetu wenye ualbino, hasa katika Kanda ya Ziwa, walikatwa mikono na miguu ili wachimba dhahabu na wagombea vyeo wapate bahati, hata serikali ikapiga marufuku wapiga ramli mwezi wa Januari 2015. Mwezi wa Aprili 2025, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kuchapisha uchunguzi juu ya vijana wa Kenya waliodaiwa kuuza figo zao kwa wagonjwa matajiri wa kutoka mbali, serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali ya Mediheal mjini Eldoret na kuunda kamati ya kuchunguza. Hospitali ilikana tuhuma hizo. Lolote litakalothibitika, mfano wa mambo haya wajulikana tangu Azimio la Istanbul la mwaka 2008 lilipoukemea: figo husafiri kutoka kwa maskini kwenda kwa tajiri, wala haijapata kurudi.

Nami ningeishia hapo, kwa kuwalaani wauzaji, laiti nisingekaa katika kiti kile cha plastiki chini ya Kwaraa. Katika ukoo ule hapakuwa na muuzaji. Walikuwapo watu wema waliompenda ndugu yao, na hesabu yao ilikuwa ileile ya tajiri na kloni yake, maana walimtafuta katika nyumba aliye na thamani ndogo zaidi. Mwaka 2000 alizaliwa huko Marekani mtoto aitwaye Adam Nash, aliyechaguliwa akiwa kiinitete kwa kuwa damu yake ingelingana na ya dada yake mgonjwa. Damu iliyotumika ilikuwa ya kitovu, ambayo ingetupwa, na dada akapona, wala sioni dhuluma hapo. Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo imeanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, uloto unaotolewa na ndugu wa tumbo moja, ambaye mara nyingi naye ni mtoto. Uloto hujirudishia, na maumivu yake ni ya siku chache, na mzazi anayemwombea mtoto mmoja msaada wa mtoto mwingine anabaki mzazi wa wote wawili. Figo haijirudishii. Mtoaji aweza kuishi vema na figo moja, na wengi huishi hivyo, lakini kovu, upasuaji na hofu ya siku za mbele ni vyake peke yake, na mtu anayebebeshwa vitu hivyo ana haki ya kuulizwa pasipo ndugu zake kumzunguka.

Ipo desturi miongoni mwa madaktari wa upandikizaji katika nchi nyingi, ambayo nimeipenda tangu nilipoisoma: mtoaji huzungumza na daktari faraghani, na akisema kwamba moyo wake hautaki, ukoo huambiwa tu kwamba vipimo havikumfaa, asionekane msaliti. Wapo wanaosema huko ni kusema uongo. Mimi naona ni sitara.

Basi kwa wakuu wa koo mnaoshika daftari, ombi langu ni hili: msimfanye aliye mdogo kuwa wa kwanza kwa sababu ni mdogo, na msipokee "sawa" iliyosemwa mbele ya watu kumi. Na kwa madaktari wa Dodoma na Muhimbili: kijana wetu atakapofika na kaka yake, mtoeni kaka nje, fungeni mlango, mwulizeni mwenyewe, na akikataa, mwandikieni kwamba vipimo havikumfaa.